Walioshika Upindo

1

"Usinyanyue mguu, mama. Uburuze."

"Naburuza."

"Hatua fupi. Kama unakwenda msibani."

"Mimi msibani huwa nakwenda mbio, niwahi nafasi karibu na chungu," akasema mama mkwe wangu, Mama Mwajabu, na nikahisi upindo wa kanga yangu ukitikisika mkononi mwake. Alikuwa anacheka. Nami nilitaka kucheka, lakini siafu wa kwanza alikwisha chomoza mbele yangu, akivunja ganda la chumvi kwa kichwa, na mtu hacheki mbele ya siafu.

Alikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Mgongo wake ulikuwa wa kioo cheusi, wa kulia jua. Akasimama kwenye njia, akaweka vipapasio viwili juu ya chumvi, akausikiliza uzito wangu unavyohama kutoka mguu huu kwenda ule. Akamsikiliza na Tunu, mwanangu wa miezi minane, aliyekuwa mgongoni kwenye mbeleko akila kidole chake. Kisha akawauliza wenzake. Hatukuwasikia wakiulizana, lakini tulijua wanaulizana, kwa kuwa chumvi yote iliyotuzunguka ilikuwa ikitetemeka kidogo kama maziwa yanayotaka kuchemka.

Nikaendelea kutembea. Hiyo ndiyo siri yake, ukisimama umekwisha.

Siafu akanigusa kidole cha mguu. Akamgusa mama mkwe wangu. Akarudi chini.

"Ameniona mzee, akanidharau," Mama Mwajabu akanong'ona.

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, siku ya tano tangu redio itangaze kwamba vita vya dunia vimekwisha na kwamba sisi, Shirikisho, tumeshindwa. Mama Mwajabu alikuwa mtu wa thelathini na moja kumvusha. Alikuwa mwanamke wa mwisho.

Siafu hawakuwa wa adui. Walikuwa wetu. Tuliwatengeneza sisi wenyewe pale Chumvini, kwenye karakana iliyo nyuma ya majiko ya chumvi, ili adui asiifikie njia ya magari. Mji wetu ni kisiwa cha nyumba arobaini: mbele uwanja wa chumvi, mweupe, wa nusu saa kwa miguu, nyuma bwawa la magadi linalochubua ngozi. Siafu elfu nyingi, kila mmoja na umeme wa kuua mtu kwa kumuuma mara moja, walimwagwa uwanjani, na ufunguo wa kuwazima ulikuwa makao makuu. Siku ya mwisho ya vita makao makuu yaliungua na kila kilichokuwamo. Wakubwa wakatia saini ya kushindwa. Siafu hakuna aliyewaambia.

Walikuwa wakiruhusu kitu kimoja tu kivuke: mama aliyebeba mtoto mgongoni, na mtu mmoja anayemfuata ameshika upindo wa kanga yake, kama watoto wakubwa wanavyofanya sokoni wasipotee. Tulijaribu kumswaga mbuzi peke yake. Hakumaliza hatua kumi.

Na kwa Chumvini nzima mtoto wa mgongoni alibaki mmoja. Wengine wawili waliondoka na mama zao siku ile ile ya redio, na hakuna aliyewalaumu.

2

Tulipovuka bendera nyekundu za mwisho wa uwanja, askari wa Washindi walimpa Mama Mwajabu maji na kibati chenye namba cha kuvaa shingoni. Alikiangalia upande huu na upande ule.

"Mia nne na tisa," akasema. "Ng'ombe wa baba yangu walikuwa na majina."

Kambi ilikuwa mahema na uzio wa waya. Wanawake wenzetu walikaa chini ya turubai, kila mmoja na namba yake, nyuso zimekauka. Waliponiona wakasimama wote kwa pamoja, halafu wakajifanya wanakung'uta nguo. Nilijua kilichowasimamisha. Ng'ambo ya pili walibaki wanaume kumi na mmoja, na chini ya turubai lile kila mwanamke alikuwa na wake mmoja kule: mume, kaka, baba. Mimi nilikuwa na Shomari, baba yake Tunu.

Nikakaa, nikamfungua Tunu, nikampa titi. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi. Alinyonya huku ananikunjia uso kama mtu anayedai haki yake, na kila ufa ulipovutika alilia kidogo, akarudi kunyonya.

Ofisa akaja. Alikuwa mwanamke wa rika langu, amechomwa na jua mpaka pua inabanduka, na kifuani alining'iniza kisanduku cha kutafsiri. Aliongea maneno machache. Kisanduku kikasema kwa sauti ya kiume, nzito, kama mtu anayesoma hotuba:

"Mheshimiwa mama. Unashauriwa usirejee. Moto utashushwa saa sita kamili kutoka juu, na utateketeza uwanja pamoja na makazi. Amri haimo mikononi mwa msemaji huyu."

"Mwambie asogeze mpaka kesho," nikasema.

Kisanduku kikamwambia. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole juu, kwenye mbingu tupu, kisha akafungua viganja vyote viwili kunionyesha kwamba ni vitupu. Halafu akamwangalia Tunu, akasema neno moja fupi, laini.

"Mtoto mchanga," kisanduku kikatangaza, kama kinahutubia uwanja wa mpira.

Alipoondoka nikapiga hesabu. Nusu saa kurudi. Nusu saa kuja na mtu mmoja. Tunu lazima apumzike na anyonye, la sivyo atapiga mateke ovyo na siafu watashindwa kutusoma. Ilikuwa yapata saa tatu na robo. Hata nikikimbiza roho ningepata safari mbili, labda. Watu wawili kati ya kumi na mmoja. Tena wanaume.

Hapo ndipo penyewe. Mwanamume mmoja tu alijaribu kushika upindo wangu, Yona, fundi wa majiko, Jumanne asubuhi. Tulikuwa hatujafika hata katikati. Siafu alimgusa mguu, nikahisi kanga inavutika mara moja, kwa nguvu, basi. Nilipofika bendera ndipo nikageuka. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye chumvi, mkono mbele, kama mtu aliyeangusha kitu akawa anakitafuta. Tangu hapo hapakuwa na mwanamume aliyejaribu, na hapakuwa na mwanamke aliyemwambia wake ajaribu.

Watu walidhani siafu wanawachukia wanaume. Mimi peke yangu pale chini ya turubai nilijua kwa nini, na nilikuwa sijamwambia mtu.

Mama Sijali, mke wa mwenyekiti wetu, alikuja akachuchumaa mbele yangu. Alivaa doti yake kamili, moja kiunoni na moja mabegani. Akaivua ya mabegani, akaikunja, akaiweka juu ya goti langu.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Ukiifunga kwa nyingine, si inakuwa ndefu?" akasema bila kunitazama. "Siafu wanajua upindo. Hawajui upindo una urefu gani."

Mwanamke mwingine akavua yake. Kisha mwingine.

"Mwacheni!" Mama Mwajabu akasimama katikati yao. "Mnamtwisha nini huyu? Hamwoni ana mtoto titini? Mwenye mtu wake kule ajibebee kanga yake aende mwenyewe!"

"Mama Mwajabu, na wewe si una mtu kule," mmoja akasema, kwa upole.

"Ninaye. Nilimzaa mimi. Umenisikia nikimwambia huyu binti arudi?"

Wakarudi kukaa, lakini kanga waliziacha. Zilikuwa kumi na mbili.

Mama mkwe wangu akaketi kando yangu, akamshika Tunu mguu mdogo uliokuwa unachezacheza hewani.

"Sikuambii rudi," akasema. "Na sikuambii kaa. Ukikaa, sitakusema kwa mtu, wala sitakunung'unikia moyoni, Mungu ananiona. Shomari ni wangu. Huyu ni wako. Mimi wangu nimekwisha mlea akawa mtu mzima, ameonja mengi. Huyu hajaonja hata ugali."

"Mama, nina jambo la kukuambia."

"Usiniambie kitu chochote. Amua kwanza. Watu wakianza kuambiana mambo, hawaamui tena."

Nilimtazama Tunu. Alikuwa ameshiba, ana usingizi, na titi bado liko mdomoni, hanyonyi ila hataki liondoke. Niliwaza hivi: kuna waya mbele yangu na chumvi nyuma yangu, na popote nitakapokaa nitakuwa nimefungiwa. Nikikaa huku, mtoto wangu yu salama, nami nitafungiwa na wanaume kumi na mmoja maisha yangu yote. Nikirudi, nambeba mtu asiyejua kusema ndiyo wala hapana, nampeleka mahali ambapo hata mimi mwenyewe naogopa. Kila upande ulikuwa na kosa lake. Nilikuwa natafuta lile ambalo siku moja ningeweza kumsimulia mwanangu nikiwa nimemtazama usoni.

Nikamfunga mgongoni. Nikajitwika zile kanga.

Mama Mwajabu akanikagua fundo la mbeleko kwa nyuma, akalikaza.

"Nenda polepole," akasema. "Kama unakwenda msibani."

3

Niliwakuta wanaume nyuma ya majiko wakifanya mazoezi ya kutembea kama mama aliyebeba mtoto.

Kila mmoja alikuwa amejifunga gunia dogo la chumvi mgongoni, na mbele yao Mzee Chilewa, mwenyekiti wa mtaa, mwenye miaka sabini na ushei, alikuwa anawatembeza.

"Kiuno, vijana, kiuno! Wewe, unatembea kama unakwenda kukamata mwizi! Umebeba mwana, hujabeba bunduki!"

"Mzee, hiki kiuno kimekwenda vitani miaka minne," mmoja akalalamika. "Kimekauka."

"Kilainishe! Mkeo alikuwa anakilainisha kwa nini?"

Wakacheka, kisha wakaniona, kicheko kikakatika. Shomari akalitupa gunia lake akaja kwangu mbio. Alirudi kutoka vitani mwezi uliopita, na bado hatua zake zilikuwa ndefu, nzito, za mtu aliyezoea kutangulia.

"Umevusha mama?"

"Amefika salama."

"Basi umerudi kufanya nini? Si tulikubaliana? Ukivuka na mama, usirudi. Ulinijibu ndiyo."

"Nilikujibu ili ulale."

"Mama Tunu!"

"Usinipigie kelele, utamwamsha." Kumbe alikuwa macho. Alimnyooshea baba yake mkono, na Shomari akaushika, hasira yote ikamwishia usoni.

Niliwaambia waketi. Nikawaambia habari ya saa sita, na habari ya kanga kumi na mbili. Kisha nikasema lile nililolificha tangu Jumanne.

"Yona nimemuua mimi."

Nikaendelea haraka, kabla sijashindwa.

Kabla ya vita kuchacha, karakana ilifungua darasa la jioni kwa akina mama wa chumvi. Tulitoka kwenye majiko saa kumi na moja, tunanuka moshi, tukaingia darasani kwa Mwalimu Ndalu. Alitufundisha jinsi siafu anavyofundishwa. Siafu hana akili ya kuzaliwa nayo. Unamwonyesha miendo, maelfu, na juu ya kila mwendo mtu anatia alama: huyu mwenzetu, huyu adui. Miendo ya adui ilitoka kwenye picha za vita, askari wanaume tu. Miendo ya wenzetu tuliitoa hapa hapa: mji mzima tulipita juu ya meza ndefu ya chumvi, na watoto wetu mgongoni, wengine wameshika pindo. Kazi yangu ilikuwa kusafisha. Kutoa miendo mibovu, siafu asichanganyikiwe.

"Na nyinyi mlikuja," nikawaambia. "Mnakumbuka? Jioni moja wanaume mlikuja na nyinyi, mkajifunga watoto. Mlikuwa mnacheka. Mlikuwa mnaruka, mnazungusha nyonga, mnaigiza. Hapa kwetu nani amewahi kuona mwanamume amembeba mtoto kwa mbeleko akaenda naye sokoni? Nikasema huu ni mzaha. Nikaifuta yote. Miendo mia mbili na kumi na miwili. Siafu hawakuona hata mwanamume mmoja aliyetiwa alama ya mwenzetu. Mwanamume wanayemjua ni adui peke yake."

Upepo ulipita na vumbi la chumvi. Mwalimu Ndalu, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua miwani yake, akaipangusa kwa shati lililo chafu kuliko miwani.

"Orodha ya vilivyofutwa ililetwa kwangu," akasema, akiniita kwa jina langu. "Niliisoma, Sikudhani. Nikaipitisha. Nilicheka, nikaipitisha. Usiibebe peke yako, mgongo wako una mzigo tayari."

"Na ule wangu uliufuta?" Mzee Chilewa akauliza.

"Upi, mzee?"

"Mimi nilibeba boga. Nilikwenda vizuri sana siku ile, watu walinishangilia."

"Niliufuta, mzee. Nisamehe."

"Haya," akasema, akiguna. "Lile boga lilikuwa na heshima zake."

Mmoja akacheka, mwingine akafuatia, na wakati huo huo nilimwona mdogo wake Yona ameinama na mikono yake imeziba uso, mabega yanapanda na kushuka. Hakuniangalia. Sijui mpaka leo kama alinisamehe. Baadaye alinyanyuka akachukua ncha ya kanga kama wengine.

Mwalimu Ndalu akaeleza haraka, akichora chini kwa kijiti. Siafu akikutana na mtu asiyemjua peke yake, anauma hapo hapo. Akimkuta ameungana na mtu anayemjua, anangoja kidogo, anamlinganisha. Yona alipoguswa alishtuka, akanyanyua mguu kama askari. Ndio mwendo wanaoujua. "Kama angeburuza, huenda. Nasema huenda. Sina hakika, na sitawadanganya."

"Na mtoto?" Shomari akauliza. "Wakimuuma aliye nyuma ya mama, umeme unafika kwake?"

"Kanga kavu haipitishi. Lakini anayeuawa huanguka, na akianguka ameshika, atamvuta mama. Mama akiyumba, siafu hamjui tena."

Shomari akasimama.

"Basi haiwezekani. Jamani, mimi sipo. Mtoto hatutamgeuza ngao ya kujikinga wanaume kumi na mmoja. Mama Tunu, rudi ulikotoka. Sasa hivi."

Nilitegemea wengine wambishie. Hakubisha hata mmoja. Mzee Chilewa alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa. "Mumeo anasema kweli, mama. Nenda. Sisi tutakaa hapa tupige soga."

Walikuwa wananitoa. Walinifungulia mlango kwa heshima, na hicho ndicho kilichonivunja.

"Baba Tunu," nikasema. "Kurudi lazima nivuke na huyu huyu. Nikivuka peke yangu au nikivuka na nyinyi, chumvi ni ile ile. Nimevuka naye mara sitini na nne, na kila mara nilijiambia ni ya mwisho. Unaniuliza nimhatarishe kidogo au sana. Sawa, ni kweli, ni sana. Lakini siwezi kukaa kwenye ule uzio nimemshika huyu, nasubiri saa sita ifike, nikijua kwamba kilichowafungia humu ni kidole changu kimoja kilichobonyeza futa. Atakuwa mkubwa. Ataniuliza baba yuko wapi."

"Utamwambia alikufa vitani."

"Vita vimekwisha!"

Nililia hapo, nakiri. Tunu naye akalia kwa kuwa mimi nalia. Shomari alitembea akaenda mpaka kwenye jiko, akapiga ukuta kwa kiganja, akarudi.

"Kwa sharti," akasema. "Mimi nitakuwa wa mwisho, maana mwendo wangu ndio mbaya kuliko yote. Na kila mtu anayeshika, akiguswa akaona mwili wake unataka kuruka, aachie kanga kabla hajaruka. Aanguke peke yake. Asimvute mke wangu na mwanangu. Anayekubali ashike."

Mzee Chilewa akaivua kofia yake, akaifunga kiunoni pamoja na shuka.

"Mimi wa kwanza," akasema. "Magoti yangu hayajanyanyuka tangu mwaka juzi."

4

Tulitoka saa tano na dakika kumi.

Kanga kumi na mbili zilifungwa ncha kwa ncha na kukazwa kwa upindo wangu, na kati yangu na Mzee Chilewa niliacha kanga mbili tupu. Amri ilikuwa kimya kabisa. Mimi sikutakiwa kugeuka, kwa kuwa mtu akigeuka hatua inavunjika, na hatua yangu ndiyo iliyokuwa neno la siri la watu wote.

Ule mnyororo ulikuwa mzito. Kanga ilinivuta kiunoni kwa nyuma na ilibidi niegemee mbele, lakini si sana, Tunu asihisi. Nikaanza kuburuza. Nyuma yangu nikawasikia: krrr, krrr, miguu ishirini na miwili ikijitahidi kuwa yangu.

Siafu hawakuchomoza mmoja mmoja safari hii. Walitoka kama mvua inayonyesha kwenda juu. Uwanja ulijaa migongo myeusi, kushoto na kulia, mpaka chumvi ikaonekana kwa vipande. Nilipiga hatua katikati yao nao wakanipisha mbele, wakafunga nyuma.

Tulipofika alipokuwa amelala Yona nilipinda kidogo kumzunguka. Nilisikia mtu mmoja nyuma akivuta pumzi, basi.

Kisha kanga ikavutika.

Haikuvutika kwa nguvu. Ilikaza, ikabaki imekaza. Mtu alikuwa amepunguza mwendo. Sikusimama, nilifupisha hatua mpaka zikawa za kupapasa tu, za bibi harusi, huku jasho likiniingia machoni na Tunu akianza kujinyonganyonga mgongoni. Nilimhesabia mapigo yangu. Nilimwomba kwa moyo wangu asilie. Nyuma pakanong'onwa, na ingawa ilikuwa amri kunyamaza, sauti ya Mzee Chilewa ilinifikia nyembamba kama uzi:

"Anapanda mguu wangu. Yuko gotini. Nenda tu, mama. Ana miguu ya baridi huyu, kama mke wangu."

Kanga ikalegea. Krrr, krrr.

Nikaanza kuziona bendera, na nyuma ya bendera wanawake. Walikuwa wamesimama kwenye mstari, na askari walikuwa wamewazuia kwa mikono. Hapo nikaelewa kwamba kuna njia ya kuona nyuma bila kugeuka. Nikamtafuta Mama Mwajabu. Nikayakaza macho yangu kwenye uso wake, naye alikuwa ananitazama kupita bega langu, kiganja kimeziba mdomo. Kama kuna mtu ameanguka, uso ule ungeniambia.

Haukuniambia kitu. Macho yake yalikuwa yanakwenda kutoka kichwa hadi kichwa, polepole, yanahesabu, yanafika mwisho, yanarudi mwanzo.

Nilivuka bendera. Sikusimama, maana kumi na mmoja walikuwa bado ndani. Ofisa yule mwenye pua ya kubanduka alinyoosha mikono ampokee Tunu, nikampita. Nikaendelea kuburuza kwenye udongo wa kawaida, kuelekea kwenye waya, navuta.

Mama Mwajabu alikuwa anahesabu kwa kichwa sasa, akikitikisa kwa kila aliyevuka. Nane. Tisa. Kumi. Akasimama kwenye kumi. Muda ukapita. Nilimwona amefumba macho, na sijui alimwambia nani nini. Kisha akayafumbua, mkono ukaanguka kutoka mdomoni, na kigelegele alichokuwa amekimeza kikatoka chote kwa pamoja, kikali, kikavu, mpaka askari wa karibu naye akainama akidhani ni risasi.

Ndipo nilipogeuka.

Walikuwa kumi na mmoja. Walikuwa wamevuka wote, na hakuna aliyejua kwamba amevuka. Walikuwa bado wanaburuza miguu kwenye udongo, wameinama, vichwa chini, kiuno kushoto, kiuno kulia, Mzee Chilewa mbele na Shomari wangu nyuma kabisa, machozi yanamtiririka naye hajui kama ni machozi. Wanawake walikuwa wanawaita majina. Hawakusikia.

Askari wakaja na vibati vya namba na pingu za plastiki za wale waliokuwa jeshini. Ofisa akasema neno. Kisanduku kikanguruma juu ya vichwa vyetu:

"Waheshimiwa mabwana. Mmefika. Mnatakiwa kuachia nguo."

Wakasimama. Wakatazamana, kisha wakanitazama mimi, na mimi nikautazama upindo wangu uliokuwa umekaza kwenye fundo. Nyuma yao saa sita ilikuwa inakuja. Kisanduku kikarudia, mara ya pili, mara ya tatu, kwa adabu ile ile.

Hakuna aliyeachia.